Baada ya Kampala Kuanguka

Ukipanda basi Bukoba kwenda Mtukula, utavuka Mto Kagera pale Kyaka. Daraja la zamani lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwanzoni mwa Novemba 1978. Lililopo lilijengwa baadaye. Kutoka mtoni hadi mpakani ni kama kilomita 30 tu. Ardhi iliyo baina ya mto na mpaka, kiasi cha kilomita za mraba 1,800 za migomba, mbuga za malisho na mashamba ya miwa, ndiyo iliyopiganiwa.

Mpaka wenyewe hauna mto wala mlima. Ni mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, waliokubaliana Wajerumani na Waingereza mwaka 1890 wakiwa kwao Ulaya. Amin alidai kwamba mto ndio ulistahili kuwa mpaka. Tarehe 30 Oktoba 1978 askari wake wakamiminika, wakaua, wakabaka, wakaswaga ng'ombe kwenda kwao, wakapora kiwanda cha sukari, kisha serikali yake ikatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda. Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi maneno ambayo kila mtu mzima wa Tanzania anayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mwanzoni mwa Juni askari wa jeshi la Tanzania, JWTZ, walikuwa wamefika mpaka wa Sudan, na hapakuwa tena na adui wa kumpiga.

Miezi saba. Mtoto aliyetungwa mimba siku ya uvamizi alikuwa bado yumo tumboni vita vilipokwisha. Lakini mtoto huyo alikua akipanga foleni ya sukari. Kama alizaliwa Luwero, alipofika miaka mitano alikuwa mkimbizi. Kama alizaliwa Rakai au Kanyigo, huenda alipofika miaka kumi alikuwa yatima. Naamini kabisa kwamba Tanzania ilikuwa na haki ya kupigana. Naamini vilevile kwamba tulijiandaa vizuri kumwondoa Amin na hatukujiandaa kwa siku ya pili yake, na sehemu kubwa ya yaliyoisumbua kanda hii kwa miaka 20 iliyofuata ilipita katika pengo hilo.

Kampala ndiko pengo lilikoonekana kwanza. Wiki mbili hivi kabla ya mji kuanguka, kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi. Yalikuwa makundi zaidi ya 20, kila kundi na mkubwa wake na vinyongo vyake. Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971 na kupokewa na Nyerere kama ndugu, hakuhudhuria, maana jina lake peke yake lingetosha kuuvunja mkutano. Kwa siku tatu wakaunda chama kimoja, UNLF, wakamchagua Profesa Yusuf Lule awe kiongozi. Siku tatu za kutafuta mwafaka wa nchi iliyokuwa imechinjwa kwa miaka minane!

Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili, akaondolewa tarehe 20 Juni. Alitawala siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, naye Mei 1980 akang'olewa na tume ya kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, mtu wa Obote. Yote hayo yalitokea huku maelfu ya askari wa Tanzania wakiwa bado kwenye kambi na vizuizi vya barabarani vya Uganda. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema Tanzania haikuwa na la kufanya. Jeshi lililokuwa na nguvu za kumzuia Muwanga lilimwacha apite, na kila Mganda aliyeliona hilo alihesabu kuwa Dar es Salaam imeridhia. Kunyamaza kwa mwenye nguvu huwa ni kauli. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote ikulu, wapinzani wakasema kura zimeibwa, na tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni, aliyekuwa waziri wa ulinzi chini ya Binaisa, akaishambulia kambi ya Kabamba na kuingia msituni. Vita vya Luwero vilidumu miaka mitano, na vikaacha mafuvu ya binadamu yamepangwa kando ya barabara kama nazi sokoni.

Fuata uzi huo uone unakokwenda. Museveni aliingia vita vya 1979 na kikundi chake kidogo, FRONASA, akaandikisha vijana wengi kusini-magharibi mwa Uganda kadiri JWTZ ilivyosonga mbele. Miongoni mwa watu wake walikuwamo wakimbizi wa Kinyarwanda. Fred Rwigyema alikuwa amejiunga naye Tanzania mwaka 1976, na Paul Kagame naye alikuwapo Kabamba. Januari 1986 waliingia Kampala wakiwa washindi, makamanda waliokomaa wa jeshi la nchi isiyokuwa yao. Tarehe 1 Oktoba 1990 Rwigyema akawaongoza wenzake kuvuka mpaka wa Rwanda pale Kagitumba. Waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari ya 1994 wana majina yao, na dhambi hiyo haihamishiki kwenda kwa mtu mwingine. Hata hivyo mwanahistoria hawezi kueleza RPF, jeshi hilo la Rwigyema na wenzake, ilitoka wapi, wala jinsi Mobutu alivyoanguka Mei 1997, bila kurudi kwenye barabara ya Mtukula kwenda Masaka mwanzoni mwa 1979.

Masaka yenyewe ilisagwa kwa mizinga, na Mbarara vilevile. Ilikuwa kisasi cha Kagera, na askari wenyewe hawakuficha. Magofu ya Masaka yalibaki yamesimama miongo kadhaa, yameota vichaka ndani, na watoto waliozaliwa baada ya Amin kufa huko Jeddah mwaka 2003 walikua wakiyapita njiani kwenda shule. Upande wetu, pale Kyaka, yako magofu ya kanisa lililopigwa mabomu. Ni magofu ya vita vilevile, yametenganishwa na safari ya saa chache, na watu wa kila upande wanayajua ya kwao tu.

Kaskazini mambo yalikuwa mabaya zaidi. West Nile ni nyumbani kwao Amin na askari wake wengi. Askari wa Tanzania walipoingia huko hawakulipiza kisasi kikubwa; lakini walipoanza kuondoka, jeshi jipya la Uganda lililojaa watu wenye machungu ya miaka ya Amin liliingia na kumhesabu kila mkazi kuwa ni mtu wa Amin. Watu kwa maelfu na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Juni 1981 raia waliojihifadhi kwenye misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo humo. Mwezi huo ndio kikosi kikubwa cha Tanzania kilikuwa kinamaliza kuondoka Uganda.

Kisha ziko bunduki, na hili ndilo nalitazama kwa uchungu kuliko yote kwa sababu lilikuwa linazuilika. Askari wa Amin walipokimbia kambi ya Moroto mwaka 1979 waliacha ghala la silaha bila mlinzi. Wakaramojong, ambao hadi hapo walipigania ng'ombe wao kwa mikuki na bunduki chache za kuokoteza, wakajichukulia silaha za kisasa kwa maelfu. Mwaka uliofuata ukaja ukame. Wenye bunduki wakawanyang'anya wasio nazo, malori ya chakula yakaogopa kupita, na njaa ya 1980 ikaua kiasi cha mtu mmoja katika kila watano huko Karamoja. Ng'ombe hawajui mpaka, na mwizi wao haujui pia. Waturkana na Wapokoti wa Kenya wakalazimika kutafuta bunduki zao ili wasimalizwe, na wizi wa mifugo uliokuwa na kanuni zake, na wazee wa kuusuluhisha, ukageuka vita visivyo na mwamuzi. Serikali za Kenya na Uganda zimefanya operesheni za kunyang'anya silaha mara nyingi tangu hapo. Zote hizo zinahangaika na matokeo ya ghala ambalo siku moja ya 1979 lilihitaji walinzi wachache tu.

Tanzania haikusalimika. Kabla ya vita jeshi letu halikufika watu 40,000. Kwa miezi michache liliongezeka likapita 100,000, wengi wao wakiwa mgambo, askari polisi, magereza na vijana wa JKT. Walirudishwa makwao wakiwa wamejua kutumia silaha, na baadhi ya silaha nazo zikarudi kwa njia zake. Wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki ukazidi Usukumani na Unyamwezini, polisi hawakutosha, na baadhi yao walishiriki. Ndipo mwaka 1981 na 1982, kuanzia upande wa Kahama, wanavijiji wakaanzisha vikundi vya ulinzi vya sungusungu: mishale, filimbi, na mahakama ya kijiji isiyo na wakili. Sungusungu walipunguza wizi, hilo halina ubishi. Pia waliwatesa na kuwaua watu, wakiwamo vikongwe walioitwa wachawi. Serikali iliwakubali kwanza, ikawatafutia sheria baadaye. Kila unapomwona mtu wa ulinzi shirikishi mtaani kwako usiku, ujue mizizi ya jambo hilo inapita kwenye vita hivi.

Watu wengi wa rika la wazazi wetu wakiulizwa vita vya Kagera viliacha nini, hutaja kwanza mfuko. Inakadiriwa vita viliigharimu Tanzania dola za Marekani milioni 500, kiasi kinachokaribia thamani ya bidhaa zote nchi ilizouza nje kwa mwaka mzima wakati huo. Malori na mabasi yalichukuliwa kupeleka askari na vyakula mstari wa mbele, mazao yakabaki vijijini. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikaisha, mikanda haikulegezwa. Sabuni, sukari, mafuta ya taa, dawa ya meno, vitenge, vyote vikawa vitu vya kuulizia kwa jirani. Watu walipanga mawe kwenye foleni ya duka la kaya usiku ili wakapate usingizi kidogo. Wakala unga wa mahindi ya njano ya msaada, wakaupa jina la unga wa Yanga.

Lakini hapa tuseme haki, maana vita hivi vimebebeshwa mizigo ambayo si yao yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, Tanzania ikalazimika kununua ndege, mabehewa na mitambo yake yenyewe. Bei ya kahawa iliyopanda kwa ajabu mwaka 1977 ilikuwa imeshashuka. Mwaka 1979 huohuo bei ya mafuta duniani iliruka baada ya mapinduzi ya Iran. Na mashirika ya umma, mamlaka za mazao na vijiji vilivyohamishwa kwa nguvu vilikuwa vinayumba kabla risasi ya kwanza haijalia. Kwa maoni yangu, vita viliinyima nchi akiba na muda. Mtu mwenye homa anaweza kupona akiwa na chakula ndani. Vita vilimaliza chakula cha ndani.

Na kukosa muda kuliamua siasa ya miaka iliyofuata. Mwishoni mwa 1979 waziri wa fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Rais kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwalimu akalikatalia shirika hilo hadharani, akauliza nani amelifanya kuwa wizara ya fedha ya dunia. Lilikuwa swali la heshima, lakini hazina ilikuwa tupu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakatupa mitaroni na baharini bidhaa walizokuwa wameficha. Mwalimu akang'atuka mwaka 1985, na mwaka 1986 serikali ya Ali Hassan Mwinyi ikatia saini masharti yaleyale yaliyokataliwa. Wanaosoma historia ya Ujamaa kama mabishano ya nadharia tu huwa wanasahau kuwa uliingia miaka ya themanini ukiwa umetoka vitani.

Jambo la UKIMWI linahitaji tahadhari. Wilaya ya Rakai kwa upande wa Uganda na Mkoa wa Kagera kwa upande wetu ndiko ugonjwa ulikowaka mapema. Wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa Tanzania walikuwa Kagera mwaka 1983. Zipo tafiti zinazohusisha kuenea kwake na njia za majeshi. Watu wa Kagera wenyewe waliuita Juliana, jina la nguo zilizoletwa kwa magendo kutoka Uganda, na nadhani katika jina hilo kuna ushahidi mzuri kuliko lawama za jumla kwa askari. Vita vilivunja maduka na viwanda pande zote mbili, uhaba ukazaa magendo, magendo yakajaza fedha na wanaume wasafiri kwenye mialo na vituo vya mpakani. Askari walipita miezi kadhaa. Wafanyabiashara wa magendo waliendelea miaka. Ugonjwa ulipata barabara iliyokwisha lainishwa. Bibi wa Kihaya aliyezika watoto wake wanne na kubaki na wajukuu tisa hakuandikwa kwenye orodha ya waliokufa vitani. Takwimu rasmi zilitaja askari 373 wa Tanzania, na wachache wao tu waliuawa kwenye mapambano yenyewe.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna jeraha lingine ambalo halizungumzwi sana. Amin ndiye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda mwaka 1973. Akaja mkombozi kutoka Tanzania naye anazungumza Kiswahili. Waganda wakawaita askari wetu bakombozi, na mizinga yao ya roketi wakaiita saba saba. Kwa muda mfupi lugha hii ilinukia uhuru. Kisha likaja jeshi la Obote, nalo lilitoa amri kwa Kiswahili hichohicho, na misako yake ya kuzingira mitaa na kupakia watu kwenye malori ikajulikana Kampala kwa jina la panda gari. Fikiria Mganda aliyesikia maneno hayo mawili, kisha asimwone tena mwanawe. Baganda wengi walikikataa Kiswahili kwa kizazi kizima kama lugha ya kizuizini na ya mwizi mwenye bunduki, na hatuna haki ya kuwashangaa. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Kati ya Amin na uamuzi huo imepita karibu nusu karne. Wanaotaka kukieneza Kiswahili Uganda kwa semina na maazimio waanze kwa kusikiliza kumbukumbu hizo.

Yako mema pia, na ni makubwa. Utawala uliokuwa unaua raia wake kwa malaki uliondolewa. Tangu 1979 hakuna vita kamili vilivyopiganwa kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, hata zilipokasirikiana. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na njia ya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga inapita mpakani karibu na palepale Mtukula walipopita askari wa Amin. Kisheria nako, hatua ya Tanzania ilitangulia wakati wake. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Monrovia Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu kwa kuvuka mpaka na kumwondoa mtawala wa nchi nyingine. Miaka 21 baadaye Sheria ya Uanzishaji wa Umoja wa Afrika, kifungu cha 4(h), iliupa Umoja haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama unapotendeka uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Kifungu hicho hakielezi ni nani atabaki kulinda ghala la silaha baada ya mtawala kuondoka.

Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina ukaitwa Kagera. Mashujaa wamelala Kaboya, na kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka. Hilo ni jema, ila simulizi yetu imebaki ya ushindi peke yake: Nduli Amin alikuja, tukampiga, akakimbia. Ndani ya simulizi hiyo hana nafasi mgambo wa Tarime au Dodoma aliyetembea kwa miguu hadi Lira, akarudi, akakabidhi sare, akapewa nauli na kuambiwa ahsante. Wako wazee wa namna hiyo ambao mpaka leo wanafuatilia stahili zao wakiwa na vipande vya karatasi vilivyofifia, na hawana wa kuwasemea. Hana nafasi pia mkulima wa Missenyi aliyerudi Desemba 1978 akakuta migomba imefyekwa na kisimani kumetupwa maiti.

Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka sasa amekaribia 70, kama yuko hai. Anajua mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote: nani alibaki kulinda wapi, bunduki zipi hazikurudishwa, wenyeji waliwapokea vipi mwezi wa kwanza na vipi mwaka wa pili. Kama yumo nyumbani kwenu, au jirani, nenda ukakae naye. Mwulize kuhusu mapambano ya Lukaya na Mtukula, kisha mwulize ilikuwaje aliporudi. Washa simu yako urekodi, andika tarehe na jina la kikosi chake, uhifadhi. Usingoje Julai.